Kisu na Jarida: Kutoka London hadi Edinburgh kwa Njia ya Majarida ya Upasuaji

Alhamisi. London Bridge

Ukitoka stesheni ya London Bridge upande wa St Thomas Street, kanisa dogo la matofali liko hatua chache tu mbele yako. Juu ya kanisa hilo, darini, ndiko kuna Old Operating Theatre, chumba cha upasuaji cha mwaka 1822. Kupanda ni kwa ngazi nyembamba ya mzunguko yenye vidato 52, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajiandae. Ratiba za majumba ya makumbusho hubadilika, basi zitazame kabla ya kukata tiketi ya treni, si baada.

Chumba hiki kilikuwa cha wagonjwa wanawake wa hospitali ya St Thomas. Kabla yake walipasuliwa wodini, wenzao wakitazama na kusikia. Dari lilichaguliwa kwa sababu ya mwanga: dirisha kubwa la paa liko juu ya meza moja kwa moja. Kuzunguka meza kuna ngazi za mbao za nusu duara ambako wanafunzi walisimama wakisongamana. Chini ya meza kuna sanduku la unga wa mbao. Daktari alilisogeza kwa mguu kufuata damu ilikokuwa ikidondoka. Hospitali ilihama mwaka 1862, mlango ukazibwa, na chumba kikasahaulika mpaka Raymond Russell alipokigundua tena mwaka 1956.

Simama pembeni ya meza na ufuate kazi ya kukata mguu kabla ya nusukaputi. Kwanza mkanda wenye parafujo, aina aliyoibuni Mfaransa Jean-Louis Petit mwaka 1718, unafungwa pajani na kukazwa mpaka mshipa mkubwa wa damu ubanwe kabisa. Kisu kirefu kinazunguka mguu na kukata ngozi. Ngozi inavutwa juu, kisha misuli inakatwa juu kidogo ya pale ngozi ilipoishia, ili baadaye nyama na ngozi zitoshe kuufunika mfupa. Kitambaa kilichochanwa katikati kinazuia nyama isiguswe na msumeno. Hapa kazi nzima inamtegemea msaidizi aliyeshika mguu. Akiuinua, msumeno unabanwa na kukwama. Akiushusha, mfupa unavunjika kabla haujakatika wote na kuacha kijiti chenye ncha kitakachotoboa nyama. Mwisho mishipa inavutwa kwa ndoano moja moja na kufungwa kwa uzi wenye nta. Ncha za nyuzi ziliachwa zikining'inia nje ya jeraha ili zivutwe baadaye zikishalegea, na kwa njia hiyo usaha ulifuata uzi hadi ndani. Mshipa ukioza pale ulipofungwa, damu ilifumka upya siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa tayari amehesabiwa miongoni mwa waliopona.

Ukivuka barabara unafika hospitali ya Guy's, na hapo ndipo jarida linapoingia kwenye simulizi hii. Thomas Wakley alisomea udaktari katika hospitali hizi mbili, na tarehe 5 Oktoba 1823 alitoa toleo la kwanza la The Lancet, kwa bei ya peni sita. Alianza kwa kuchapisha mihadhara ya Sir Astley Cooper, mpasuaji mashuhuri wa wakati huo, ambayo wanafunzi walikuwa wakiilipia fedha nyingi. Halafu akaanza kuchapisha yaliyokuwa yakitokea mezani, pamoja na majina ya madaktari. Hilo ndilo lililowakera wakubwa.

Kesi ya kuisoma kwa makini ni ya Machi 1828. Stephen Pollard, mkulima wa Sussex mwenye miaka 53, alikuja Guy's kutolewa jiwe la kibofu. Mpasuaji alikuwa Bransby Cooper, mpwa wa Sir Astley. Njia ya siku zile ilikuwa hivi: mgonjwa analazwa chali, magoti juu, mikono ikifungwa pamoja na nyayo. Fimbo ya chuma yenye mfereji inapitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni. Kisu kinakata kati ya mapaja, kinaukuta mfereji wa fimbo, na kuufuata mpaka ndani. Kidole kinatangulia, koleo linafuata, jiwe linavutwa. Mpasuaji stadi alimaliza kwa dakika chache. Cooper alihangaika karibu saa nzima, akibadilisha vifaa kimoja baada ya kingine, huku akilalamika mbele ya watazamaji kwamba haelewi kizuizi kiko wapi. Pollard alisihi aachwe jiwe likae. Alifariki siku iliyofuata.

The Lancet ilichapisha habari yote, hatua kwa hatua. Cooper akafungua shauri la kashfa akidai fidia ya pauni 2,000. Wakley akajitetea mwenyewe mahakamani mwezi Desemba. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Cooper ushindi, lakini kwa pauni 100 tu, na kila mtu alielewa maana ya tofauti hiyo. Kosa la kiufundi linaeleweka kirahisi: kisu kikiacha mfereji wa fimbo, kinatengeneza njia ya uongo pembeni ya kibofu, na kila chombo kinachofuata kinaingia njia hiyo hiyo. Kabla ya 1823 kosa kama hilo lingebaki ndani ya kuta nne. Thamani ya jarida la upasuaji iko hapa hasa, katika kuandika kilichoharibika kwa undani ule ule unaotumika kuandika kilichofanikiwa. Vituo vyote vinavyofuata vinapaswa kupimwa kwa kipimo hicho.

Ijumaa. Lincoln's Inn Fields hadi Carlton House Terrace

Shuka stesheni ya Holborn. Hunterian Museum iko ndani ya jengo la chuo cha wapasuaji, kuingia ni bure, na ilifunguliwa upya mwaka 2023 baada ya matengenezo ya miaka kadhaa. Mkusanyo ni wa John Hunter, mpasuaji wa karne ya 18. Serikali iliununua mwaka 1799, na bomu la Mei 1941 liliharibu sehemu kubwa yake. Mifupa ya Charles Byrne, yule mtu mrefu wa Ireland aliyekataa kabisa kugeuzwa maonyesho, haiko tena ukumbini. Ulikuwa uamuzi sahihi, japo ulichelewa mno.

Kitu cha kukaa nacho hapa ni operesheni ya Desemba 1785. Dereva wa gari la farasi wa miaka 45 alikuwa na uvimbe wa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, nyuma ya goti, ugonjwa uliowasumbua sana watu wa kazi hiyo. Uvimbe unadunda, unakua, na ukipasuka mtu anakwisha. Tiba zilikuwa mbili: kukata mguu wote, au kupasua uvimbe wenyewe na kuifunga ateri juu na chini yake. Ya pili ilishindwa mara kwa mara kwa sababu moja: karibu na uvimbe ukuta wa ateri nao ni mgonjwa, na uzi unaukata kama kamba inavyokata sabuni mbichi.

Hunter alikwenda juu, katikati ya paja, mahali ateri ilipo nzima. Akaifunga huko na kuuacha uvimbe bila kuugusa. Mantiki yake ni kwamba matawi madogo ya ateri hupanuka na kulisha mguu kwa njia za pembeni, na uvimbe ukikosa msukumo wa damu huganda na kusinyaa. Mgonjwa huyo wa kwanza alifungwa nyuzi nne, zisizokazwa sana, kwa kuhofia kuukata mshipa. Jeraha lilisumbua, lilitoa usaha na damu, lakini baada ya wiki kadhaa alitoka hospitali na kurudi kazini. Wagonjwa waliofuata Hunter aliwafunga uzi mmoja. Mabadiliko hayo yanajulikana kwa sababu shemeji yake, Everard Home, aliandika maelezo katika London Medical Journal mwaka 1786, na hakuficha matatizo ya nyuzi zile nne. Dereva alifariki kwa homa baada ya mwaka na miezi michache, na Hunter akaupata mguu, akauchunguza, akaona ateri imeziba kama alivyotarajia. Makala na kielelezo vikathibitishana.

Mchana tembea hadi Carlton House Terrace, makao ya Royal Society, chama cha wanasayansi. Katibu wake wa kwanza, Henry Oldenburg, alitoa Philosophical Transactions tarehe 6 Machi 1665, miezi miwili tu baada ya Journal des sçavans kuanza Paris. Hayakuwa majarida ya tiba, ila habari za tiba zilikuwamo tele. Jarida la tiba lenyewe, la lugha ya wananchi na si Kilatini, lilitoka Paris mwaka 1679 kwa mkono wa Nicolas de Blegny, mpasuaji.

Kutoka Philosophical Transactions chagua makala ya Claudius Amyand ya 1736. Desemba 1735, katika hospitali ya St George's, alimpasua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri iliyoshuka hadi kwenye korodani, na tundu pajani lililokuwa likitoa kinyesi. Ndani ya ngiri alikuta kidole tumbo, kimetobolewa na pini iliyoota gamba la mawe. Mvulana alikuwa ameimeza. Amyand alikifunga kidole tumbo kwa uzi, akakikata, na kazi ilichukua karibu nusu saa, mtoto akiwa macho. Alipona. Hii ndiyo taarifa ya kwanza inayojulikana ya kutoa kidole tumbo kwa mafanikio, na mpaka leo ngiri yenye kidole tumbo ndani huitwa kwa jina la Amyand. Jengo la zamani la St George's, pale Hyde Park Corner, sasa ni hoteli. Kulipita kwa nje kunatosha.

Jumamosi. Gower Street na Euston Road

Siku ya etha, kimiminika ambacho mvuke wake humlaza mgonjwa. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa etha huku John Collins Warren akipasua uvimbe wa shingo. Henry Bigelow aliandika habari hiyo katika Boston Medical and Surgical Journal la tarehe 18 Novemba. Barua na magazeti vilivuka Atlantiki kwa meli, vikafika katikati ya Desemba, na tarehe 21 Desemba Robert Liston akamkata mguu Frederick Churchill katika hospitali ya University College hapa Gower Street, mgonjwa akiwa amelala. Kwa Liston msumeno ulikuwa jambo la sekunde. Jarida lilichapishwa Boston, na mwezi mmoja baadaye mguu ulikatwa London bila kilio.

Lakini wiki zilizofuata magazeti ya tiba yalijaa barua za watu walioshindwa. Mgonjwa anakohoa, anapigana, analewa nusu, anaamka katikati. John Snow, daktari wa London, ndiye aliyetafuta sababu kwa utaratibu. Etha inapogeuka mvuke hunyonya joto. Sifongo ndani ya chupa linapoa, mvuke unapungua, na mgonjwa anavuta hewa karibu tupu wakati kisu kinaanza. Mirija mingi ilikuwa myembamba mno, ikamlazimu mtu kuvuta kwa nguvu mpaka akasongwa. Pua nayo ikiachwa wazi, mgonjwa anavuta hewa ya chumbani. Snow alikiweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu wa kipimo maalumu, akapanua mirija, na akawa anajua kila mvuto una etha kiasi gani. Kati ya wote waliotajwa kwenye njia hii, yeye ndiye anayestahili kusomwa zaidi na hasomwi vya kutosha.

Wellcome Collection iko karibu, kwenye Euston Road. Maktaba yake ndiyo mahali pa kushika majarida ya zamani kwa mkono. Ukiyasoma, anza na takwimu kabla ya hoja. Tafuta mgonjwa alikuwa na umri gani, siku ngapi zilipita kati ya jeraha na tiba, wangapi walitibiwa kwa jumla, na wangapi kati yao walifariki. Mwandishi anayetaja waliopona bila kutaja jumla hajakuambia lolote. Angalia pia kama mgonjwa alifuatiliwa baada ya kutoka wodini, maana katika karne ya 19 neno "amepona" mara nyingi lilimaanisha ameondoka hospitalini kwa miguu yake.

Tavistock Square, dakika chache kwa miguu, ni makao ya chama cha madaktari wa Uingereza, wenye BMJ. Jarida hilo lilianza 1840 kwa ajili ya madaktari wa mikoani, likiwa na jina Provincial Medical and Surgical Journal, na likachukua jina la British Medical Journal mwaka 1857. Jioni panda treni ya Euston kwenda Glasgow Central. Safari ni kama saa nne na nusu hadi tano. Kata tiketi mapema, kwani bei ya siku hiyo hiyo ni ya kuumiza.

Jumapili. Glasgow

Kutoka Glasgow Central tembea hadi High Street na upande mlima kuelekea kanisa kuu. Glasgow Royal Infirmary iko jirani yake. Jengo ambamo mpasuaji Joseph Lister alifanyia kazi lilibomolewa mwaka 1924, na uamuzi huo bado unauma. Sanamu yake iko Kelvingrove Park.

Mwezi Agosti 1865 aliletwa hapa James Greenlees, mtoto wa miaka 11, aliyekanyagwa mguu wa kushoto na gurudumu la mkokoteni. Mfupa wa muundi ulivunjika na ngozi ikapasuka, jeraha la kama inchi moja na nusu. Mvunjiko wa namna hiyo uliogopwa sana. Mfupa uliovunjika bila ngozi kupasuka ulipona karibu siku zote, ila ngozi ikipasuka, usaha ulianza ndani ya siku chache, na wapasuaji wengi walikata mguu mapema ili kuokoa maisha. Tofauti ilikuwa tundu dogo la ngozi. Lister, aliyekuwa amesoma kazi za Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyechunguza vijidudu, alihitimisha kwamba kinachoingia tunduni ni viumbe hai, si hewa yenyewe.

Tiba ilikuwa pamba ya kitambaa iliyoloweshwa asidi ya kaboliki, ikawekwa juu ya jeraha lote, kisha vibanzi vya kushikilia mfupa. Msaidizi wake, Macfee, ndiye aliyeifunga, kwa maelekezo ya Lister. Ikaachwa siku nne bila kufunguliwa. Siku ya nne hakukuwa na harufu wala usaha, isipokuwa ngozi kuwa nyekundu kwa kuunguzwa na asidi. Baada ya wiki sita mfupa ulikuwa umeshika.

Kilichofuata ndicho kinachoonyesha akili ya mtu huyu. Asidi kali iliua vijidudu lakini iliunguza nyama, kwa hiyo akatengeneza mchanganyiko: sehemu moja ya kaboliki kwa sehemu nne za mafuta ya kitani yaliyochemshwa, ukikandwa na unga wa chaki mpaka uwe kama ule udongo laini ambao mafundi hushikizia vioo vya madirisha. Unatandazwa juu ya jeraha na kupita kingo zake kwa nafasi nzuri, na juu yake karatasi nyembamba ya bati ili asidi isipotee hewani. Kupita kingo ndiyo siri yenyewe. Majimaji ya jeraha yakilowesha kitambaa mpaka ukingoni, njia ya vijidudu imefunguka kutoka nje hadi ndani. Wengi walioiga njia yake na kushindwa walikosea hapo, au walimwaga asidi mara moja kisha wakalichokonoa jeraha kwa vidole visivyooshwa.

Aliandika yote katika The Lancet, kwa sehemu tano, kuanzia Machi hadi Julai 1867. Wagonjwa 11 wa mivunjiko ya wazi: mmoja alifariki, mmoja alikatwa mguu, tisa walipona na viungo vyao. Mwaka 1870 akatoa hesabu ya kukata viungo. Kabla ya njia mpya, miaka ya 1864 na 1866, walikuwa 35 na wakafa 16. Baada yake, 1867 hadi 1869, walikuwa 40 na wakafa 6. Yaani kutoka karibu asilimia 46 hadi asilimia 15. Mwenyewe alisema namba hizo ni ndogo mno kwa ulinganisho wa kitakwimu, na kwamba thamani yake iko katika undani wa kila mgonjwa. Ukweli wa namna hiyo ni adimu hata katika makala za leo.

Glasgow hiyo hiyo, William Macewen alipitisha mrija kwa mdomo hadi kwenye koo la hewa, akiuongoza kwa kidole, ili mgonjwa mwenye uvimbe shina la ulimi avute nusukaputi bila damu kuingia mapafuni. Alichapisha katika BMJ mwaka 1880, baada ya kuujaribu mrija kwanza kwenye maiti. Kila mtaalamu wa nusukaputi katika kila thieta leo anafanya kazi ya ukoo huo.

Jumatatu. Edinburgh

Treni kutoka Glasgow Queen Street hadi Waverley ni chini ya saa moja. Anza 52 Queen Street, nyumba ya James Young Simpson. Usiku wa tarehe 4 Novemba 1847, yeye na wasaidizi wake George Keith na Matthews Duncan walivuta klorofomu, kimiminika kingine cha kulaza kama etha, baada ya chakula, wakaanguka chini. Ndani ya wiki moja alikuwa ametangaza kwa madaktari wa mji. Klorofomu haikuhitaji chombo. Kitambaa kilitosha, na urahisi huo ulikuwa na hatari yake.

Tarehe 28 Januari 1848, karibu na Newcastle, Hannah Greener mwenye miaka 15 aliketi kitini ang'olewe ukucha wa mguu. Akamwagiwa kiasi cha kijiko cha chai cha klorofomu kwenye kitambaa. Katika dakika mbili tatu alikuwa amekufa. Daktari alikuwa amemmiminia brandi mdomoni kumzindua, na Simpson akadai ndiyo iliyomsonga. Snow alikataa: kitambaa hakipimi. Mvuto mmoja unaweza kuwa na mvuke kidogo na unaofuata ukawa mzito kiasi cha kusimamisha moyo. Alishauri mvuke usizidi takriban asilimia 4 hadi 5 ya hewa inayovutwa. Mabishano yao yamo katika majarida ya mwaka huo, na ukiyasoma kwa mfululizo utaona nani alikuwa na vipimo na nani alikuwa na jina kubwa.

Mchana, Surgeons' Hall kwenye Nicolson Street. Wanyozi na wapasuaji wa mji huu walipewa hati yao mwaka 1505, ikiwaruhusu mwili mmoja wa mhalifu aliyenyongwa kila mwaka kwa ajili ya kusomea. Vyombo na vielelezo ni vingi, usijaribu kumaliza vyote. Lakini kwa msomaji wa majarida, fahari ya Edinburgh ni Medical Essays and Observations, iliyoanza kutoka 1733 chini ya Alexander Monro wa kwanza. Dibaji yake inaeleza kwamba kila makala iliyotumwa iligawiwa kwa mwanachama mjuzi wa somo hilo aipitie, na mwandishi hakujulishwa ni nani. Ni utaratibu ule ule unaotumiwa na majarida sasa. Humo pia, katika juzuu ya 1744, William Tossach alieleza alivyompulizia pumzi mdomo kwa mdomo mchimba makaa aliyetolewa mgodini Alloa kama maiti, akamziba pua ili hewa isitoroke, na mtu huyo akazinduka.

Jumanne. Edinburgh, kurasa za 922 hadi 930

Siku ya mwisho ni ya makala moja, na inahusu kwetu. Robert Felkin alipita Uganda mwaka 1879 akiwa mmisionari, akamaliza udaktari Edinburgh baadaye, na Aprili 1884 Edinburgh Medical Journal likachapisha taarifa yake ya uzazi Afrika ya Kati. Ndani yake kuna operesheni ya kumtoa mtoto kwa kupasua tumbo, aliyoishuhudia Bunyoro.

Mama alikuwa na umri wa kama miaka 20, mimba ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalewa nusu. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe hiyo, kisha kwa maji. Akakata mara moja, kwa haraka, kutoka juu kidogo ya mfupa wa kinena hadi chini ya kitovu, tumbo na sehemu ya mfuko wa uzazi kwa pamoja. Msaidizi akachoma sehemu zilizokuwa zikitoka damu kwa chuma chekundu, kwa uangalifu. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa. Mganga akaukanda mfuko wa uzazi kwa mikono mpaka ukajikaza, akatoa kondo na mabonge ya damu, na akapanua mlango wa mfuko kwa vidole kutoka ndani ili damu iliyobaki ipate njia. Mkeka wa majani ukawekwa juu ya jeraha, na mama akageuzwa kifudifudi juu ya mikono ya wasaidizi ili majimaji yote yamwagike. Ndipo jeraha likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma, zilizosuguliwa vizuri, na kukazwa kwa uzi wa gome la mti. Juu yake dawa ya mizizi iliyosagwa, jani la mgomba lililopashwa moto, na bandeji ya kitambaa cha gome.

Homa ilipanda kidogo usiku wa pili. Siku ya tatu pini moja ilitolewa, siku ya tano tatu, siku ya sita zilizobaki. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga.

Hatua hizi hazikuwa za kubahatisha. Kukanda mfuko wa uzazi ndiko kunakozuia damu, kwa sababu misuli yake ikijikaza hubana mishipa iliyoko katikati yake. Kumgeuza mama kifudifudi ni kutoa majimaji ambayo yangeoza tumboni. Mfuko wenyewe haukushonwa, lakini Ulaya nako wengi hawakuushona mpaka Max Sänger wa Leipzig alipoeleza njia ya kuushona mwaka 1882. Wakati Felkin anasimama mezani Bunyoro, wanawake wengi waliopasuliwa hivyo Uingereza walikuwa wanakufa. Mganga huyu alikuwa na mpangilio, wasaidizi waliojua nafasi zao, na chombo cha kila hatua. Mtu hafiki hapo kwa operesheni moja. Kasoro ya makala ni ile ile ya majarida mengi ya enzi hiyo: jina la mwandishi limo, la mganga halimo.

Uganda ilirudi kwenye majarida ya upasuaji mwaka 1958, pale Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago aliyepata shahada yake ya upasuaji Edinburgh, alipoandika katika British Journal of Surgery kuhusu watoto 38 wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walizunguka kwa gari kutoka Uganda kwenda kusini, hospitali hadi hospitali, wakiuliza nani ameuona uvimbe huo, na ramani yao ikaonyesha unafuata joto na mvua.

Asiyeweza kusafiri asihesabu amekosa. Edinburgh Medical Journal limewekwa bure kwenye hifadhi ya mtandao ya PubMed Central, na BMJ pia, kuanzia matoleo ya 1840. Tafuta juzuu ya 29 kwa makala ya Felkin. Isome pamoja na makala za BMJ za miaka hiyo hiyo kuhusu kumpasua mama mzazi, na uandike pembeni, kwa kila moja, mikono ilioshwa kwa nini, damu ilizuiwa vipi, na mama alitoka kitandani siku ya ngapi.